Majangwa na Miji ya Kale ya Uajemi: Mwongozo wa Msafiri

Uwanda wa kati wa Iran umezungukwa na milima: Alborz upande wa kaskazini, Zagros magharibi na kusini-magharibi. Mawingu humwaga mvua yake kwenye milima hiyo, na nchi iliyo ndani hubaki kavu. Humo mna majangwa mawili makubwa, Dasht-e Kavir lenye chumvi na Dasht-e Lut lenye joto kali. Miji ya Kashan, Nain, Yazd na Kerman ilijengwa pembezoni mwa majangwa hayo, mahali ambapo maji ya theluji iliyoyeyuka milimani hufikiwa kwa kuchimba. Isfahan ilibahatika kupata mto. Kwa hiyo jangwa na mji ni habari moja, na ziara iliyopangwa vizuri huvipitia kwa zamu: siku mbili tatu mjini, usiku mmoja jangwani, kisha mji mwingine. Anayelikwepa jangwa huona bustani na mabirika ya maji kama mapambo tu, ilhali ndiyo yaliyouweka mji pale ulipo.

Njia iliyozoeleka huanzia Tehran, hushuka kusini hadi Kashan na Isfahan, hugeukia mashariki hadi Yazd na Kerman, huingia Lut, kisha hurudi magharibi hadi Shiraz. Ni takriban kilomita 2,000 kwa barabara, na barabara hizo ni nzuri. Siku 12 hadi 14 zinatosha bila kukimbizana.

Kabla ya kuondoka

Usalama unatangulia tarehe, bei na hoteli. Mwezi Juni 2025 Iran na Israeli zilipigana kwa siku 12 na anga ya Iran ikafungwa. Hali ya eneo lile inaweza kugeuka ndani ya siku chache. Msafiri asome tahadhari za wizara ya mambo ya nje ya nchi yake kabla ya kulipa chochote, na asome tena anapokaribia kupanda ndege. Zikisema watu wasiende, safari iahirishwe. Bima nyingi za safari hazimlipi aliyekwenda kinyume na onyo la serikali yake, na hakuna kuba wala bustani inayostahili hatari hiyo.

Iran ina ubalozi Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na huko ndiko pa kuulizia viza. Mwishoni mwa 2023 serikali ya Iran ilitangaza kuwaondolea viza raia wa nchi 33, Tanzania ikiwa mojawapo. Masharti ya msamaha huo, hasa idadi ya siku na njia ya kuingilia, yathibitishwe ubalozini kabla ya kukata tiketi. Wenye pasipoti za Marekani, Uingereza na Canada, hata waliozaliwa Mombasa au Unguja, hawaruhusiwi kuzunguka peke yao: lazima wawe na kiongozi mwenye leseni na ratiba iliyoidhinishwa. Mwenye pasipoti ya nchi ya Ulaya ambayo raia wake huingia Marekani bila viza ajue kwamba akishazuru Iran nafasi hiyo humpotea, na itambidi aombe viza kamili kila atakapotaka kwenda Marekani. Na pasipoti yenye muhuri wa Israeli haipiti mpakani kabisa.

Fedha zinataka matayarisho kuliko jambo jingine lolote. Kwa sababu ya vikwazo, kadi za Visa na Mastercard hazifanyi kazi nchini Iran, si kwenye mashine za benki wala dukani. Msafiri hubeba taslimu, dola au yuro, safi na zisizochanika, za kutosha safari nzima na akiba juu yake. Hubadilisha kidogo kidogo kwenye maduka rasmi ya fedha. Noti zimezoeleka kuandikwa kwa riali, lakini watu sokoni hutaja bei kwa tumani, na tumani moja ni riali 10. Kabla ya kulipa, lazima iulizwe bei iliyotajwa ni ya ipi. Wauzaji wengi wana subira na swali hilo, na wengine huonyesha noti yenyewe.

Sheria inamtaka kila mwanamke, Mwislamu au asiyekuwa Mwislamu, afunike nywele na avae nguo pana inayoficha mwili. Katika miji mikubwa wanawake wengi wenyeji wamelegeza sharti hilo tangu 2022, lakini sheria ingalipo, na mgeni asijipime nayo. Mtandio mwepesi wa pamba, wa aina anayojifunga mwanamke wa pwani kila siku, unafaa kuliko hariri inayoteleza. Wanaume huvaa suruali ndefu. Kwenye makaburi ya watukufu wanawake huazimwa shuka pana mlangoni. Pombe ni marufuku kwa wote. Kupiga picha za kambi za jeshi, polisi au mitambo ya nyuklia kunaweza kumtia mtu mbaroni. Hili ni muhimu hasa kwenye barabara ya Kashan hadi Isfahan, ambayo hupita karibu na mitambo ya Natanz. Hapo kamera ikae mkobani mpaka kiongozi aseme.

Majira mazuri ni Aprili na Mei, kisha Oktoba na Novemba. Mwaka mpya wa Kiajemi, Nowruz, huangukia tarehe 20 au 21 Machi, na kwa wiki mbili baadaye nchi nzima iko safarini: hoteli hujaa na bei hupanda. Tarehe 9 na 10 Muharram masoko hufungwa, lakini mtu anayependa kuona maombolezo ya Ashura hatapata mahali bora kuliko Yazd. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana. Siku ya mapumziko ya wiki ni Ijumaa. Saa za Iran zimetangulia za Afrika Mashariki kwa nusu saa tu, na plagi ni za pini mbili za mviringo, kwa hiyo adapta inahitajika kwa vifaa vya Kenya, Uganda na Tanzania. Mitandao mingi ya kijamii imefungwa. Mipango ya mawasiliano na nyumbani ifanywe kabla ya kuondoka.

Kuhusu kiongozi, faida yake iko mahali pawili. Jangwani ni uhai wenyewe. Kwenye majengo ya kale ni macho, kwani maandishi ya Kiarabu na Kiajemi kwenye vigae husimulia nani alijenga, kwa ajili ya nani na mwaka gani, na asiyeyasoma huona rangi tu. Mkataba useme wazi kama bei inajumuisha viingilio (mgeni hutozwa zaidi ya mwenyeji), mafuta ya gari, na chakula na malazi ya dereva. Kwa upande wa jangwa msafiri aulize maswali mengine: magari mangapi yataingia, dereva ni mwenyeji wa wapi, maji kiasi gani yatabebwa, na gari likikwama nani ataarifiwa na kwa njia gani. Kampuni inayojibu maswali haya kwa maneno ya jumla iachwe.

Tehran, Qom na Kashan

Tehran haistahili zaidi ya siku moja kwenye safari hii. Siku hiyo itumiwe kwenye Makumbusho ya Taifa, ambako vitu vya Persepolis na Susa huandaa macho kwa yatakayoonekana baadaye, na kwenye kasri la Golestan la wafalme wa Qajar.

Barabara ya kusini hupita Qom, lilipo kaburi la Bibi Fatima Maasuma, dada yake Imam Ridha. Mashia wa Afrika Mashariki, Khoja Ithnaasheri na wengineo, wanaufahamu mji huu kwa ziara na kwa vyuo vyake vya dini. Hata asiyekwenda kwa ibada anaweza kusimama saa mbili, kwa adabu.

Kashan iko takriban kilomita 240 kutoka Tehran, na ndipo safari inapoanza hasa. Wafanyabiashara wa mazulia wa karne ya 19 walijenga huko majumba ambayo ukutani nje hayaonyeshi kitu: tope lililokandwa na nyasi, na mlango wa mbao. Ndani, ngazi hushuka. Ua umechimbwa chini ya kimo cha barabara ili uwe karibu na maji na mbali na upepo wa moto, na vyumba vimepangwa pande mbili, vya kiangazi vikipewa kivuli na vya baridi vikipewa jua, familia ikihama kutoka upande mmoja hadi mwingine majira yanapobadilika. Nyumba za Tabatabaei na Borujerdi zinaonyesha mpango huu vizuri kuliko zote. Karibu nazo kuna hamamu ya Sultan Amir Ahmad. Msafiri apande juu ya paa lake, ambako vikuba vyenye vioo hupeleka mwanga chini.

Bustani la Fin, nje kidogo ya mji, ni mojawapo ya bustani tisa za Kiajemi zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011. Chemchemi zake huruka bila pampu, kwa nguvu ya maji yanayoshuka kutoka chanzo kilicho juu zaidi. Kwenye hamamu yake ndimo alimouawa Amir Kabir, waziri mkuu mwenye kupenda mageuzi, mwaka 1852, kwa amri ya Nasser al-Din Shah. Mwezi Mei vijiji vya jirani, Qamsar hasa, huchuma mawaridi alfajiri na kuyachemsha kwenye masufuria ya shaba kupata maji ya mawaridi. Msomaji wa pwani anayejua kazi ya mrashi harusini hatahitaji kuelezwa harufu hiyo.

Kashan ndiyo mlango rahisi wa Kavir. Gari huondoka mchana kupitia Aran va Bidgol hadi kwenye mchanga wa Maranjab, penye nyumba ya misafara iliyojengwa mwaka 1603 enzi ya Shah Abbas wa Kwanza. Mbele ya matuta ya mchanga kuna ziwa la chumvi. Mvua za baridi huliloweka, jua hulikausha, na chumvi hubaki imegawanyika vipande vya pembe tano au sita, kila kimoja upana wa hatua moja au mbili, vyenye kingo zilizonyanyuka. Ukoko huo hulia chini ya kiatu. Unabeba mtu, lakini haubebi gari kila mahali: chini yake mna tope laini, na dereva asiyefuata njia iliyokwisha kupitwa humezwa hadi ekseli. Hii ndiyo sababu wenyeji waliiogopa Kavir kuliko mchanga. Usiku ni baridi hata Aprili. Koti na soksi nzito si anasa.

Isfahan

Isfahan inataka siku tatu, na atakayeipa nne hatajuta. Shah Abbas alihamishia makao makuu yake hapa mwaka 1598 na kuuchora mji upya kuzunguka uwanja mmoja, Naqsh-e Jahan, wenye urefu wa mita 560 hivi na upana wa mita 160. Kila upande una nguvu moja ya dola: msikiti mkuu kusini, kasri la Ali Qapu magharibi, msikiti wa Sheikh Lotfollah mashariki, na lango la soko la Qeysarieh kaskazini. Uwanja huu uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1979.

Msikiti wa Sheikh Lotfollah, uliojengwa kati ya 1603 na 1619, ndio unaopaswa kupewa muda mrefu zaidi. Hauna mnara wala ua, kwa kuwa haukuwa wa umma. Ulitumiwa na watu wa nyumba ya mfalme. Uwanja haukuelekezwa kibla, ila msikiti lazima uelekee, na mafundi walilimaliza tatizo hilo kwa ujia wenye giza unaopinda. Mtu huingia kutoka kwenye mwanga wa uwanjani, hupinda mara moja na mara ya pili, na anapotokea chini ya kuba tayari anaitazama Makka bila kujua aligeuzwa lini. Juu yake vigae vya rangi ya maziwa na buluu hupungua ukubwa kadiri vinavyokaribia kilele, na kwa hiyo kuba huonekana refu kuliko lilivyo. Asubuhi na alasiri si sawa: nje kuba hubadilika kutoka rangi ya krimu hadi waridi kadiri jua linavyozunguka. Msafiri aingie mara mbili kwa siku moja kama mfuko unaruhusu.

Msikiti mkuu wa uwanja, ulioanzwa 1611, una kuba la tabaka mbili, na chini yake jiwe jeusi sakafuni linaonyesha mahali ambapo kofi moja hurudi kama makofi mengi. Ali Qapu ina chumba cha muziki juu kabisa, kuta zake zimetobolewa kwa maumbo ya chupa na bakuli. Chehel Sotoun, kasri la bustanini, lina nguzo 20 mbele, na jina lake hutaja 40 kwa kuhesabu na zile zinazoonekana majini.

Wengi huishia hapo na kuukosa Msikiti wa Ijumaa, kilomita mbili hivi kaskazini kwa kupitia sokoni. Ni kosa. Umejengwa na kujengwa upya kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kuba lake la kaskazini, la mwaka 1088, ni matofali matupu yasiyo na kigae, yaliyopangwa kwa hesabu ambayo wasanifu wa leo bado wanaichunguza. Anayetaka kujua usanifu wa Kiajemi ulitoka wapi kabla ya rangi ya buluu aende huko. Msafiri Mwislamu anaweza kuswali. Atawaona wenzake wakiweka kijiwe cha udongo mahali pa kusujudia na wakiunganisha adhuhuri na alasiri, na hakuna atakayemsumbua yeye anayeswali kwa namna yake.

Mto Zayandeh Rud hupitiwa na daraja la Si-o-se-pol lenye matao 33 na daraja la Khaju la mwaka 1650. Miaka mingi ya karibuni mto umekuwa mkavu kwa miezi, kwa ukame na kwa maji kuchotwa mno huko juu. Inauma kuona matao yale yakisimama juu ya changarawe. Jioni, hata hivyo, watu bado hukusanyika chini ya Khaju kuimba, maji yawepo yasiwepo. Ng'ambo ya mto kuna mtaa wa Waarmenia, Jolfa, na kanisa la Vank lililokamilika mwaka 1664. Kuta zake za ndani huunganisha michoro ya Biblia na vigae vya Kiislamu.

Ununuzi mzuri uko hapa: kitambaa kilichopigwa chapa kwa mihuri ya mbao, shaba iliyotiwa rangi, mazulia. Zulia lipinduliwe na mafundo yatazamwe kwa nyuma, kisha kitambaa cheupe chenye maji kisuguliwe juu yake kuona kama rangi inatoka. Muuza duka akikataa pesa kwa kusema si kitu, hiyo ni adabu ya mazungumzo. Mteja husisitiza mara mbili tatu na kulipa.

Kutoka Isfahan hadi Yazd ni kilomita 320 hivi. Varzaneh, penye matuta ya mchanga na wanawake wanaojitanda shuka nyeupe badala ya nyeusi, panafaa kwa aliyekosa Maranjab. Nain ina mmoja wa misikiti ya kale zaidi nchini. Nusu siku yatosha.

Yazd na maji ya chini ya ardhi

Mji wa kale wa Yazd, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2017, ni wa matofali ya udongo mbichi: vichochoro vyembamba vilivyoezekwa mahali mahali na kuta ndefu zinazotupa kivuli. Anayeijua Lamu au Mji Mkongwe ataona mara moja kwamba kichochoro kilipimwa kwa kivuli. Ziara ianzie Makumbusho ya Maji, kwa sababu bila kuelewa qanat mji huu hausomeki.

Qanat huanza na kisima mama, kinachochimbwa kwenye mwinuko karibu na milima hadi maji yapatikane. Kutoka hapo hadi mjini huchimbwa handaki lenye mteremko mdogo mno, maji yakitiririka yenyewe kwa kilomita nyingi bila kuguswa na jua. Kila baada ya masafa mafupi kuna shimo la kutolea udongo na kuingizia hewa, na udongo huo hubaki umeizunguka midomo ya mashimo. Kutoka kwenye ndege safu hizo huonekana zikikata jangwa. Wachimbaji walifanya kazi wakiwa wamechuchumaa, taa ya mafuta mbele yao ikiwaonyesha kama hewa inatosha. Mteremko ukizidi, maji hula kuta za handaki. Ukipungua, tope huziba njia. Qanat ya Zarch, inayofika Yazd, ina urefu unaozidi kilomita 70. Qanat 11 za Iran ziliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2016.

Maji hayo yaligawanywa kwa zamu. Msimamizi aliketi na bakuli dogo la shaba lenye tundu, likielea ndani ya chombo kikubwa cha maji. Lilipojaa na kuzama, zamu ilihesabiwa na bakuli likawekwa tena juu. Mtu alirithi zamu zake kama anavyorithi shamba, aliziuza au kuziweka wakfu.

Juu ya ardhi, kazi ya kupoza ni ya minara ya upepo, badgir. Ndani yake mnara umegawanywa kwa kuta nyembamba: upande unaotazama upepo huuteka na kuushusha chumbani, upande wa pili huitoa hewa ya moto. Penye birika chini, upepo hupita juu ya maji kwanza. Mnara wa bustani ya Dowlatabad, mrefu kuliko wote mjini, una mita 33 hivi, na anayesimama chini yake mchana wa joto huhisi tofauti mara moja. Meybod, mwendo mfupi kaskazini, ina nyumba ya barafu ya udongo: maji yaliachwa yagande usiku wa baridi kwenye mabirika mapana yenye ukuta wa kuyakinga jua, barafu ikakatwa na kufukiwa chini ya kuba nene hadi kiangazi.

Yazd pia ni kituo kikuu cha Wazoroasta, wafuasi wa dini iliyotawala Uajemi kabla ya Uislamu. Hekalu lao, jengo la mwaka 1934, lina moto unaosemekana kuwaka bila kuzimika tangu karibu mwaka 470. Hutazamwa kupitia kioo. Nje ya mji, vilimani, kuna minara ya ukimya ambako maiti ziliachiwa ndege hadi katika karne ya 20, ili ardhi na moto visinajisike. Ndugu zao waliokimbilia India ndio Waparsi, na baadhi ya hao walifika Zanzibar. Mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, alitoka katika familia ya namna hiyo. Asiondoke mtu Yazd bila kuonja qottab, andazi dogo la lozi na iliki.

Kerman na Lut

Kerman, kilomita 360 hivi kusini-mashariki, ina soko refu na hamamu ya Ganjali Khan, na Mahan iliyo karibu ina kaburi la Shah Nematollah Vali, aliyefariki 1431, pamoja na bustani la Shazdeh. Mistatili ya miti ya bustani hilo imezungukwa na ardhi kame isiyo na jani. Ukuta mmoja tu ndio mpaka. Ngome ya udongo ya Bam, mbali zaidi, ilivunjwa na tetemeko la tarehe 26 Desemba 2003 na inaendelea kujengwa upya. Mikoa iliyo karibu na mipaka ya Pakistan na Afghanistan haifai kwa mtalii.

Kwenda Lut, gari hupanda mlima kutoka Kerman kisha huteremka ghafla hadi Shahdad, na joto hupanda kwa kila kona. Satelaiti zilipima nyuzi 70.7 kwenye uso wa ardhi ya Lut mwaka 2005, kipimo kilichokuwa cha juu kuliko pote duniani kwa miaka ile. Mbele ya Shahdad husimama kaluti: vilima virefu vya udongo na chumvi vilivyochongwa na upepo unaovuma kutoka kaskazini wakati wa kiangazi, vimepangwa mstari baada ya mstari kufuata njia ya upepo huo. Vikubwa vyake vinazidi mita 150. Mwaka 2016 Lut likawa eneo la kwanza la asili la Iran kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia.

Kati ya Juni na Septemba lisiingiwe kabisa. Majira mengine msafara uingie alasiri, ulale karibu na vijiji vya mitende vya Shahdad au kambini, na utoke asubuhi. Magari yawe mawili au zaidi. Kila mtu awe na maji lita nne au tano kwa siku, na mengine ya akiba yasiyoguswa. Asitembee mtu peke yake nyuma ya kilima cha pili, kwa kuwa kaluti zote hufanana na nyayo hufutika upesi. Takataka zote zirudi mjini.

Shiraz na Persepolis

Kutoka Kerman hadi Shiraz ni siku nzima ya gari. Ndege ya ndani huokoa nguvu. Persepolis, kilomita 60 kutoka Shiraz, iangaliwe asubuhi mapema. Dario wa Kwanza aliianza karibu mwaka 518 KK, na Aleksanda aliichoma 330 KK. Ngazi za kupandia ni fupi sana, ili wakuu wenye majoho wapande bila kuinamisha heshima yao. Kwenye ngazi za mashariki za ukumbi wa Apadana wamechongwa wajumbe wa mataifa 23 wakileta zawadi: Waarmenia na farasi, Wahindi na vikapu vya mzegazega, Waarabu na ngamia. Mwishoni, penye pembe ya chini, wako watu wa Kush, kusini mwa Misri, nywele zao za kipilipili zikiwa zimechongwa msokoto kwa msokoto, wakibeba pembe ya ndovu na kumwongoza mnyama ambaye wengine humwona twiga na wengine okapi. Watalii wengi huwapita. Msafiri kutoka Afrika asimame hapo.

Makaburi ya wafalme yaliyochongwa mwambani Naqsh-e Rostam yako dakika chache kwa gari, na kaburi la Koreshi huko Pasargadae, chumba cha mawe juu ya ngazi sita, liko zaidi ya saa moja kaskazini.

Mjini Shiraz, msikiti wa Nasir al-Molk hupendeza kwa mwanga wa asubuhi unaopenya vioo vya rangi. Afikaye saa nne atakuta umati. Kaburi la Hafez liendewe baada ya magharibi, wakati wenyeji wenyewe wanapokuja kusoma mashairi wakiwa wamegusa jiwe.

Msomaji Mswahili huja Shiraz na swali la asili ya Washirazi wa Kilwa, Zanzibar na Komoro. Majibu hayako kwenye mji huu, ulio mbali na bahari. Bandari ya biashara ilikuwa Siraf, kwenye Ghuba. Wanaakiolojia wameonyesha kwamba miji ya Waswahili ilikua kutokana na wenyeji wa pwani, na utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 uliona katika mifupa ya makaburi ya kale ya pwani mchanganyiko wa Waafrika na Waajemi ulioanza karibu mwaka 1000. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, wenye maandishi ya mwaka 1107, unasema mengi zaidi juu ya habari hii kuliko jengo lolote la Shiraz.

Wakati wa kurudi nyumbani, vitu vya kale haviruhusiwi kutolewa nchini, na risiti za mazulia na vyombo ziwekwe karibu na pasipoti kwa ajili ya forodha.

Mwenye siku saba tu asijaribu njia yote. Aache Kerman, Lut na Shiraz kwa safari nyingine. Alale Kashan usiku mmoja na Maranjab usiku mmoja, Isfahan siku tatu, Yazd siku mbili. Sehemu hizo nne zitampa jangwa, maji na mji kwa ukamilifu kuliko safari ya mbio yenye majina kumi.